Kwa nini farasi wa Sanchi hana mpandaji?

Kwenye lango la mashariki la stupa kuu ya Sanchi (stupa ni kuba la kuhifadhia masalia matakatifu ya Kibuddha), katikati ya India, kuna farasi aliyechongwa akitoka mjini. Miungu wameshika kwato zake zisitoe mshindo, na juu ya tandiko umeinuliwa mwavuli wa kifalme. Mgongoni hakuna mtu.

Nilipoiona picha yake mara ya kwanza niliamini mpandaji amevunjika. Stupa hiyo iliyoanzishwa na mfalme Ashoka karne ya 3 KK ilitelekezwa kwa mamia ya miaka. Jenerali Taylor wa jeshi la Waingereza aliikuta mwaka 1818, na miaka minne baadaye wachimbaji wasio na utaalamu wakaipasua ubavu. John Marshall alianza kuikarabati kwa uangalifu mwaka 1912. Palipoharibika pengi hivyo, mtu mmoja wa jiwe angeponaje?

Nilikosea, na boriti lenyewe la lango ndilo lililonisahihisha. Farasi yuleyule anajirudia kutoka kushoto kwenda kulia, kila mara mgongo mtupu, kila mara mwavuli juu. Mwishoni mwavuli haupo tena juu ya farasi: umekuja juu ya alama za nyayo mbili, na mtumishi amezipigia magoti. Kisha farasi anarudi mjini bila mwavuli. Uharibifu haupangi mambo kwa utaratibu namna hiyo. Huyu ni mwanamfalme Siddhartha, ambaye baadaye aliitwa Buddha, akiliacha jumba lake usiku, naye yupo kila mahali ulipo mwavuli.

Fikiria umefika kwa babu, ukakuta makubadhi yake mlangoni na bakora imeegemezwa ukutani. Hujamwona, lakini sauti umeshaishusha. Ukikuta bakora haipo, unajua ametoka. Wachongaji wa karne ya 1 KK waliwategemea watazamaji wao kusoma hivyo: mti ni kuamka kwake kiroho, gurudumu ni mahubiri yake ya kwanza, stupa ni kifo chake.

Wengine husema sura yake ilipigwa marufuku. Ushahidi wa hilo ni haba. Wengine hueleza kwamba aliyefikia nirvana, yaani ukombozi kamili, hana umbo tena; lakini Siddhartha usiku ule alikuwa bado hajawa Buddha, na bado hakuchongwa. Cha ajabu zaidi, lango la kaskazini linamwonyesha waziwazi akiwa mwanamfalme Vessantara, katika maisha yake ya awali. Naye Susan Huntington, mtaalamu wa sanaa ya India, ameshikilia kwamba baadhi ya michongo ya aina hii haihusu maisha ya Buddha, bali mahujaji wakizuru mahali patakatifu. Kwa mti na kiti kitupu hoja hiyo ina uzito. Kwa farasi huyu sioni inavyomfaa.

Sanamu za Buddha mwenye umbo la mtu zilienea kuanzia karne za kwanza BK, huko Gandhara na Mathura, kaskazini mwa Bara Hindi. Karne ya 5 zikafika hapa pia: sanamu nne ziliwekwa kwenye kitako cha stupa, kila moja ikikabili lango lake. Anayeingia kwa mashariki hupita chini ya farasi mtupu, kisha humkuta mpandaji ameketi.