Kuungwa si kuungana: maana ya muunganiko wa barabara

Mtaa wetu, magharibi mwa jiji la Nakuru, umetiwa lami. Tulishukuru, maana vumbi lilitutesa miaka mingi. Lakini katika mkutano wa wakazi kila aliyesimama alisema, "Sasa tumeunganishwa." Madalali nao wakalidaka neno hilo, na leo mabango ya ploti yanatangaza mtaa "uliounganishwa vizuri" kwa sababu tu lami inafika getini. Nimelisikia mara nyingi mno, na kosa hili linatugharimu.

Muunganiko wa barabara ni wingi wa njia ambazo mtu anaweza kuchagua kati ya anakotoka na anakokwenda, bila kulazimika kuzunguka. Basi. Lami haimo katika maana hiyo, wala upana wa barabara, wala taa. Njia ya changarawe inayokutana na nyingine tatu ina muunganiko zaidi kuliko barabara nyororo inayoishia ukutani.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Mzizi wake ni unga. Fundi huunga waya uliokatika, mpishi huunga mchuzi, na mahali mfupa unapokutana na mfupa tunapaita kiungo. Sasa sikiliza kinachotokea tukiongeza ile -na ya mwisho: penda na pendana, salimu na salimiana, unga na ungana. Hapo pande mbili ni lazima. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Hakuna anayeweza kusema Tanganyika iliungana, kisha akaweka nukta. Kuunga kitu unaweza kukifanya peke yako. Kuungana huwezi.

Barabara yetu inaanzia barabara kuu, inapanda kama mita mia nane, kisha inakutana na seng'enge na ua wa michongoma. Ng'ambo ya ua kuna shule ya msingi. Kengele yake tunaisikia tukiwa sebuleni. Hata hivyo, akifuata barabara, mtoto wa nyumba ya mwisho hushuka mpaka barabara kuu, akatembea kando ya malori, akapanda tena kwa njia ya jirani, karibu kilomita mbili kwenda mahali anapopaona kwa macho. Barabara hiyo imeungwa upande mmoja. Haijaungana na chochote. Wazee wana kitenzi kizuri zaidi kwa jambo hili: huuliza njia inatokea wapi. Yetu haitokei.

Kuna neno jingine linalochangia mkanganyo, nalo ni mtandao. Husemwa "mtandao wa barabara umepanuka" kana kwamba ni kitu kilekile. Mtandao unatokana na tanda, kama mawingu yanavyotanda, na ndugu yake ni utando wa buibui. Watu wengi hushika ile maana ya kuenea tu, wakasahau buibui. Lakini utando hunasa nzi kwa sababu nyuzi zake zinapitana na kushikana. Nyuzi zilezile zikining'inia kila mmoja kivyake, ni uzi tu.

Jaribu kwenye karatasi. Weka nukta tisa, safu tatu za nukta tatutatu, ziwe njiapanda. Ziunganishe zote kwa mistari wima na mlalo: utapata vipande kumi na viwili vya barabara. Sasa zichore kama chanuo: uti mmoja chini, meno matatu yakipanda. Vipande ni vinane. Wapangaji wa miji hugawanya vipande kwa njiapanda: jibu likiwa kubwa, njia za kuchagua ni nyingi. Mchoro wa kwanza unatoa 1.33, wa pili 0.89, na mji mpana wa miraba mitupu hukaribia 2. Katika chanuo, lori likikwama penye mzizi wa jino, wote walio juu yake wamefungiwa, na gari la zimamoto halifiki. Katika miraba, utazunguka kona moja ukapita. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, hupendekeza barabara zichukue angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji, na zisipungue kilomita 18 kwa kila kilomita ya mraba. Ni vipimo vizuri, ila ni vya wingi. Chanuo refu linaweza kuvikaribia na bado likawa chanuo.

Nakuru imekuwaje chanuo? Katikati ya mji, kandokando ya Kenyatta Avenue, mitaa ya zamani inakatana, na unapita popote. Nje yake mambo yalikwenda vingine. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, yakagawiwa wanachama, mara nyingi kwa vipande virefu vyembamba. Kila mwenye kipande, au watoto wake, akaja kukikata ploti za futi 50 kwa 100 kwa wakati wake: njia moja katikati, ploti huku na huku, mwisho uani kwa jirani. Jirani akafanya vivyo hivyo. Kutoa njia ya kupenya kwa jirani kungemgharimu ploti moja au mbili, na hakuna aliyemlazimisha. Simlaumu mtu aliyekuwa akitafuta karo. Ila michoro iliidhinishwa mmoja mmoja, wakati mitaa huishi kwa pamoja.

Hapo ndipo mji unapoacha kukua na kuanza kutapakaa, na haya pia huchanganywa. Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kaskazini ipo volkano ya Menengai, kusini ipo mbuga ya Ziwa Nakuru, kwa hiyo mji hunyooka mashariki na magharibi kufuata barabara kuu, kutoka Lanet hadi Ngata na kuendelea. Urefu huo peke yake si kutapakaa. Mji hutapakaa, kama maji yaliyomwagika sakafuni, pale nyumba zinapoenea huku viungo vikibaki nyuma, hata kwenda kwa jirani kukahitaji bodaboda.

Kwenye ua wetu pana tundu. Watu wazima hupenya hapo kwa kuinama, na kila likizibwa hufunguka tena. Tunaliita njia ya panya, lakini wanaopita ni watu, na wanapita mahali ambapo mpima ardhi angepaswa kuacha mita tisa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuseme mtaa umetiwa lami, kwa furaha yote inayostahili. Neno "umeunganishwa" tuliwekee akiba mpaka siku ile seng'enge itakapotolewa na yule mtoto wa nyumba ya mwisho atoke kengele ikilia, afike kabla haijanyamaza.