TANZAM haikujengwa na Wachina, na mengine ninayoyasikia kila kundi jipya likianza

Nafundisha madereva wa magari makubwa hapa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kando ya TANZAM, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Kila kundi jipya likiketi mbele yangu, najua kabla ya chai ya saa nne kuna atakayesema, "Mwalimu, hii barabara si walijenga Wachina enzi za Nyerere?" Wengine wote wanaitikia kwa kichwa. Wiki iliyopita aliyesema si kijana. Ni mzee mwenye malori sita, ameanza kwenda Zambia mimi sijapata leseni, na bado akasema vilevile. Nimechoka kulijibu hili mdomo kwa mdomo.

Wachina walijenga reli. Barabara ni kitu kingine kabisa.

Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru wa Wazungu wachache tarehe 11 Novemba 1965. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, na mafuta yake na shaba yake vilikuwa vinapita kusini, kwa walewale waliokuwa wanaikandamiza Afrika. Rais wake, Kaunda, akageukia bandari ya Dar es Salaam. Wakati huo lami ilikuwa imefika Morogoro. Kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa njia ya udongo na changarawe. Malori yakapakia mapipa ya mafuta kwenda Zambia na kurudi na shaba, masika na kiangazi, na waandishi wa Kizungu wakaiita njia ya jehanamu. Wazee waliowahi kuipita wanasimulia magari kulala kwenye tope siku kadhaa, utingo akikata matawi ya kutandika chini ya magurudumu.

Mambo matatu yakafanyika karibu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na Waitaliano na kukamilika mwaka 1968. Barabara ya lami ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ndiyo iliyojengwa na Wachina kwa mkopo usio na riba: mkataba ulisainiwa Beijing mwaka 1967, kazi ikaanza 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Wachina waliofia kwenye kazi hiyo wana makaburi yao Gongo la Mboto. Kazi yao ni kubwa na inastahili heshima yake, lakini si hii ya lami.

Tena nchi za Magharibi ndizo zilizoikataa reli. Benki ya Dunia iliichunguza na kusema haina faida, barabara ingetosha. Nyerere na Kaunda wakaipokea barabara na bado wakaenda China kutafuta reli. Mtu akisema yote yalijengwa na Wachina, anaifuta akili ya wazee wetu wawili waliochukua kutoka pande zote mbili, wakati dunia nzima ilikuwa inawaambia wachague upande mmoja. Ndiyo maana swali hili linaniuma kuliko mengine yote.

Kama bado hamwamini, chukueni ramani. Reli ikitoka Dar es Salaam haifiki Morogoro mjini wala Iringa. Inakata kusini, inapita kwenye hifadhi ya wanyama, inaingia bonde la Kilombero, Ifakara hadi Mlimba, kisha inapanda milima kwa mahandaki na madaraja hadi Makambako. Hapo ndipo inapokutana na barabara yetu, na kuanzia hapo zinakwenda jirani hadi Mbeya na Tunduma. Barabara imetoka Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, Kitonga, Ilula kwenye nyanya, hapa Ipogolo, Mafinga, ndipo Makambako. Katikati ya Dar es Salaam na Makambako kila moja imepita kwake.

Najua kosa linatoka wapi. Vijana wameona kampuni za Kichina zikikarabati vipande vya barabara hii miaka ya karibuni. Lakini kukarabati si kujenga, na Wachina si wakarabati pekee: kipande cha Iyovi kuja Iringa hadi Mafinga kilifanyiwa ukarabati kwa fedha za Denmark.

La pili nalimaliza haraka. "TANZAM ndiyo Great North Road ya Waingereza." Nusu yake ni kweli. Njia ya kikoloni ya kutoka kusini kwenda Nairobi ilipita Tunduma, Mbeya, ikafika Iringa, halafu ikapinda kaskazini: Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha. Haikwenda Dar es Salaam. Ukipandisha kutoka hapa Ipogolo ukavuka mji kuelekea Dodoma, hiyo ndiyo yenyewe, na kipande cha Dodoma hadi Babati kilizinduliwa kikiwa na lami mwaka 2018 tu.

Sasa mlima wa Kitonga. "Mwalimu, pale pana mizimu, lazima udondoshe sarafu." Mila za watu siziingilii. Ninachosema ni kwamba magari niliyoyaona yameanguka pale yalikuwa yanateremka, yana mzigo, na breki zilikuwa za moto. Anayetoka Dar es Salaam anaipanda Kitonga, na taabu yake ni injini kuchemka na foleni. Anayetoka Zambia na shaba ndiye anayeteremka, na huyo ndiye ninayemwogopea. Anaanza mteremko na gia kubwa, anakanyaga breki mfululizo kona baada ya kona, ngoma za breki zinapata moto, lainingi zinazobana ngoma hizo zinapoteza mshiko, na upepo wa breki nao unapungua. Akifika kona za chini anakanyaga na gari halisikii.

Mwaka jana nilisimama chini ya mlima ule na kijana niliyemfundisha mwenyewe. Tela lake lilikuwa linafuka moshi kwenye gurudumu la nyuma kushoto, harufu ya lainingi iliyoungua imejaa hadi puani, na utingo anakuja mbio na ndoo ya maji. Nikamzuia mkono. Ngoma ya moto ukiimwagia maji baridi inapasuka, na ufa hutauona mpaka siku itakapogawanyika. Kaa mbali na tairi, acha ipoe yenyewe, hata kama ni saa nzima na bosi anapiga simu.

Rudini kwenye kanuni ya zamani: gia ambayo ungepandia mlima ndiyo ya kuteremkia, au ndogo zaidi yake. Iingize juu kabisa, kabla ya mteremko kuanza. Washa breki ya ekzosi, ile inayozuia gari kwa kubana moshi wa injini. Breki ya mguu ni ya kupunguza mwendo kwa muda mfupi kisha unaachia, si ya kulalia. Sheria hiyohiyo ni ya Mlima Nyoka na ya mteremko wa Iwambi kule Mbeya.

Na msiniambie nyutro, yaani kuteremka bila gia, inaokoa mafuta. Injini za kisasa za dizeli, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, hukata mafuta zenyewe. Ukiweka nyutro injini inaunguruma tu na lazima ile mafuta kidogo ili isizime. Umepoteza mafuta, na umepoteza pia injini iliyokuwa inakushikia tani zote hizo.

Kuhusu mizani ya barabarani ya kupima uzito wa malori, wenye magari wanasema Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba zimewekwa kukusanya faini. Uharibifu wa lami hauongezeki sawa na uzito. Unakua kwa karibu kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ukiipakia tani 12 umezidisha uzito kwa asilimia 20, lakini umeiumiza barabara takriban mara mbili. Ndiyo sababu Afrika Mashariki tuna sheria moja ya mwaka 2016 inayoweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Mashimo mnayolalamikia, na ile mifereji ya magurudumu inayovuta usukani, sehemu kubwa mmeyachimba wenyewe kwa mzigo.

Mikumi, kilomita 50 za ndani ya hifadhi, mnasema mwendo umewekwa mdogo kwa ajili ya watalii. Umewekwa kwa sababu wanyama wanavuka, na nyati mzima anavunja kichwa cha semi na kumuua aliyekaa kushoto. Faini za kumgonga mnyama zimeandikwa kwenye mabango njiani, zisomeni. Pangeni safari mpite mchana. Ikibidi usiku, mkiona nyati mmoja amevuka, simameni msubiri, maana wenzake bado wako kwenye nyasi za upande aliotoka.