Anloka ya gemu hufungua nini hasa?

Anloka ni programu iliyotengenezwa na mtu asiyehusika na kampuni ya gemu, ikufungulie bure vitu vya kulipia: mavazi, silaha, magari, ramani za ziada. Kwenye mabanda ya gemu ya Majengo au Kisauni wengi huiita "mod" tu.

Inavyofanya kazi hutegemea rekodi ya malipo inakaa wapi. Ziko gemu za kompyuta ambazo faili za nyongeza tayari zimo kwenye diski, zinasubiri kuambiwa kwamba mwenyewe amelipa. Anloka hutoa jibu hilo kwa uongo. Lakini almasi za Free Fire na UC za PUBG Mobile, yaani sarafu za ndani ya gemu hizo za simu, huhesabiwa kwenye seva za kampuni. Anayekuahidi almasi elfu kumi, hata ukiziona zimejaa kwenye skrini, amekuchorea tarakimu tu. Kisha atakwambia uthibitishe kwamba wewe si roboti: jaza fomu, pakua programu nyingine mbili, weka nywila yako. Hapo ndipo anapokula yeye.

Inayofungua kweli ndiyo naiogopa zaidi, maana huwezi kuishuku. Kwenye kompyuta utaambiwa uzime antivirusi kwanza. Virusi vya wizi kama RedLine hukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na kuki, yaani vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na kwa kuki hizo mwizi anaweza kuingia kwenye akaunti zako bila kuulizwa nywila. Kwenye simu utaombwa uruhusu programu isiyotoka Play Store, kisha isome SMS na itumie huduma za ufikivu, zile za kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu. Gemu ya mpira inasoma SMS ya nini? Kwa ruhusa hizo inaona msimbo wa WhatsApp wa tarakimu sita ukiingia, inasoma kilicho kwenye skrini, hata kubonyeza kwa niaba yako. Na watoto wengi hapa Mombasa huchezea simu ya mama, yenye laini ileile ya M-Pesa anayolipwa viazi karai.

Kufungiwa akaunti ni jambo la kawaida, na ulivyonunua kihalali hupotea navyo.

Kama umeshaiweka, kuifuta hakutoshi. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Ukibadilisha kwenye simu ileile, mwizi huenda akaiona na hiyo mpya.