Akaunti ya kampuni Mastodon na Bluesky: uthibitisho upo, tena hauuzwi

"Kule hakuna tiki ya bluu, mteja atajuaje kama ni sisi kweli?" Wenye biashara huirudia hoja hii hadi inachosha kila wakitajiwa mitandao ya kijamii ya Mastodon na Bluesky, na ndiyo inayowafanya wengi waghairi. Haina msingi. Uthibitisho upo, na ni imara kuliko tiki ya kulipia kila mwezi, kwa sababu unategemea kitu ambacho tapeli hana: kikoa cha kampuni yako, yaani anwani ya tovuti kama mfano.co.tz.

Bluesky hukuruhusu kutumia kikoa kama jina la akaunti. Badala ya kuitwa mfano.bsky.social, unaitwa mfano.co.tz. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya kubadili jina, chagua kutumia kikoa chako, kisha nakili msimbo unaoanza na did=did:plc. Nenda kwenye paneli ya DNS, pale unaposimamia rekodi za kikoa hicho, uongeze rekodi ya maandishi iitwayo TXT: jina lake _atproto, thamani yake msimbo wote, pamoja na ile "did=" ya mwanzo. Subiri dakika chache, pengine saa kadhaa, halafu rudi uthibitishe.

Ikikataa, angalia kwanza ulivyoandika jina la rekodi. Paneli nyingi huongeza kikoa zenyewe mwishoni. Ukiandika _atproto.mfano.co.tz, rekodi inakaa _atproto.mfano.co.tz.mfano.co.tz, na Bluesky haitaiona kamwe. Andika _atproto peke yake.

Kwa kampuni yenye wataalamu, utamu zaidi uko hapa: mhandisi wako anaweza kuitwa asha.mfano.co.tz, kwa rekodi ya _atproto.asha. Anayemtafuta anaona papo hapo anafanya kazi wapi. Akiondoka, unafuta rekodi na jina lile linakuwa batili, ila akaunti na wafuasi wanabaki wake, maana akaunti imefungwa kwenye ule msimbo wa did, si kwenye jina. Hamna cha kugombania. Bluesky ilileta tiki ya bluu Aprili 2025, lakini usikae ukiisubiri.

Mastodon, ambayo ni seva nyingi zinazojitegemea lakini zimeunganishwa, inakwenda njia nyingine. Kwenye tovuti yako weka kiungo cha kwenda kwenye wasifu wako wa Mastodon, chenye alama rel="me" ndani ya HTML, yaani msimbo wa ukurasa. Kisha kwenye wasifu, katika zile nafasi za taarifa za ziada, andika anwani ya tovuti kuanzia https:// na uhifadhi. Anwani ikithibitika inageuka kijani. Isipogeuka, huenda tovuti haina https; au kiungo kinaletwa na JavaScript (programu inayoendeshwa na kivinjari) ilhali seva inasoma HTML ghafi tu; au rel="me" iko ukurasa wa mawasiliano wakati wasifu unaelekeza ukurasa wa mwanzo. Rekebisha, kisha hifadhi wasifu upya ili seva ikague tena.

Kwa hiyo nunua kikoa kwanza, akaunti baadaye. Watu wanafanya kinyume kila siku, halafu wanalalamika kwamba hawaaminiki.

Zipo hoja nyingine, hasa kuhusu Mastodon. "Biashara haziruhusiwi." Kila seva ya Mastodon ina kanuni zake, zisome kabla ya kujisajili, kwani zipo zinazokataa matangazo kabisa. Mwenye uwezo huendesha seva yake: BBC ilifungua social.bbc mwaka 2023, na taasisi za serikali kuu ya Ujerumani ziko social.bund.de. Hapo jina la seva lenyewe ni uthibitisho.

"Bila algoriti hakuna atakayetuona." Hamwonekani kwa sababu mnachapisha bila hashtegi. Weka mbili au tatu, kila neno lianze na herufi kubwa, #UjenziWaNyumba, ili programu zinazowasomea wasioona zitamke sawasawa. Washa ruhusa ya machapisho yako kutafutwa. Tangu toleo la 4.2 la Mastodon la mwaka 2023 ipo, ila huja imezimwa. Na kama uko seva ndogo bila mfuasi hata mmoja wa nje, machapisho yako ni nadra kuvuka. Anza kwa kuwafuata watu wa fani yako na kuwajibu. Roboti ya kunakili kila kitu kutoka X itakufanya uzuiwe.

"Tukihama seva tunapoteza wafuasi." Wafuasi wanahama, machapisho ndiyo hayahami. Kwenye akaunti mpya sajili ile ya zamani kama lakabu, kisha anzisha uhamisho kutoka akaunti ya zamani. Pakua kumbukumbu zako kabla, na uwe na uhakika na seva unayokwenda, kwa sababu uhamisho mwingine hauruhusiwi hadi siku 30 zipite.

"Inboksi ni ya siri." Si kweli kwa Mastodon. Ujumbe wa faragha haujasimbwa, na msimamizi wa seva, yako au ya mteja, anaweza kuusoma. Nukuu za bei, mikataba na namba za malipo tuma kwa barua pepe ya kampuni au Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa.