Akiolojia Si Kufukua Dinosaria

Imezoeleka kudhaniwa kwamba anayesomea shahada ya kwanza ya akiolojia hujifunza kufukua mifupa ya dinosaria. Sivyo. Dinosaria, ukiwaacha ndege ambao ni kizazi chao, walitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita, ilhali zana za mawe kongwe zaidi zinazojulikana, zilizopatikana Lomekwi nchini Kenya, zina umri wa takriban miaka milioni 3.3. Visukuku vya dinosaria ni kazi ya paleontolojia, yaani sayansi ya mabaki ya viumbe wa kale. Akiolojia humchunguza binadamu kupitia vitu alivyoviacha.

Hata kufukua kwenyewe huchukua sehemu ndogo ya masomo, mara nyingi wiki chache tu za mafunzo ya uwandani. Muda mwingi, na hapa ndipo wengi hushangaa, hupita darasani na maabara, mwanafunzi akiosha, akipima na kuainisha vigae vya vyungu, akisoma matabaka ya udongo, au akijifunza kwa nini mbinu ya kaboni 14 ya kukadiria umri wa mabaki, iliyobuniwa na mwanakemia Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940, haifai kwa mabaki yaliyozidi miaka 50,000 hivi: kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, hata isibaki ya kutosha kupimika.