Mto unavyochonga ardhi, toka mlimani mpaka baharini

Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu ukatazama chini kule kusini, lile bonde lote mpaka ng'ambo Msumbiji ni kazi ya maji. Mvua inabomoa ukingo wa uwanda wa Makonde, mto Ruvuma unazoa kilichobomoka.

Yani mto sio maji yanayopita tu. Unachimba, unabeba, unamwaga, na kazi ipi inazidi wapi inategemea mteremko na wingi wa maji.

Ruvuma inaanzia milima ya Matogoro, Songea. Huko juu mteremko mkali, maji yanaburuta kokoto na mchanga vinavyokwangua chini kama msasa (maji matupu hayakati mwamba kirahisi hivyo), ndo maana mabonde ya milimani ni membamba, umbo la V.

Ukishuka inaingia Muhuwesi toka Tunduru, inaingia Lugenda toka Msumbiji, maji yameongezeka ila mteremko umelala, sasa mto unaanza kula pembeni. Hapa ndo patamu. Kwenye kona maji ya upande wa nje yanakimbia yanamega ukingo, ya ndani yanapoa yanaacha mchanga, kwa hiyo kona inazidi kupinda kila masika mpaka siku mafuriko yanakata shingo ya kona (kile kipande chembamba cha ardhi kilichobaki kati) mto unanyooka, kona ya zamani inabaki bwawa lake peke yake. Mwenye shamba nje ya kona analia, wa ndani anaongezewa ardhi bure, na kumbuka huu mto ndo mpaka wa nchi! Mafuriko nayo yakitambaa bondeni yanaacha tope laini, ndo tunalolimia mpunga.

Kufika baharini kasi imeisha, mzigo unatuliwa. Mchanga unajaa katikati, mto unagawanyika, visiwa vya mchanga vinatokea na kuhama, chumvi inagandisha tope linazama, mikoko inalishika.

Sasa Lindi mjini utashangaa, Lukuledi kiangazi huko juu mto wa kawaida tu ila mdomoni mpana hadi inabidi upande chombo kwenda Kitunda, ng'ambo ya pili. Sababu ni kwamba kama miaka 20,000 iliyopita, zama za barafu, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, mto ukachimba bonde lake kufuata bahari ilipo, barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda ikaingia humo humo. Ukivuka pale unapita juu ya bonde lililozama.