"Uzi unaoyeyuka" una maana gani katika mshono wa tumbo?

Katika wodi za upasuaji za Moshi, iwe hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, ndugu wa mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huuliza kama uzi wake ni wa kutolewa au wa kuyeyuka. Swali hilo huhusu mshono wa ngozi, unaoonekana. Uzi unaobeba mkazo wa tumbo umefichika chini yake, katika utando mgumu mweupe unaounganisha misuli ya kulia na ya kushoto.

Uzi unaoyeyuka ni ule ambao mwili huuvunjavunja na kuufyonza wenyewe. Neno "kuyeyuka" hupotosha kidogo, kwa kuwa uzi huishiwa nguvu muda mrefu kabla haujatoweka. Vicryl, ambao ni uzi uliosokotwa, hushikilia kwa takribani wiki 3 tu, ingawa mabaki yake hukaa mwilini kwa miezi 2 hivi. Polidioksanoni, wenye unyuzi mmoja, hubaki na nguvu ya kutosha hadi kama wiki 6, na hufyonzwa wote baada ya takribani miezi 6. Utando wa tumbo, kwa upande wake, hupona polepole: baada ya miezi 2 huwa umerejesha takribani nusu tu ya nguvu zake. Mkulima wa Kibosho aliyewahi kuegemeza mgomba kwa mti uliooza kabla mkungu haujakomaa anaielewa hesabu hii. Uzi ukilegea mapema, kingo za utando huachana, na henia ya kovu, yaani uvimbe wa vilivyomo tumboni vinavyosukumwa nje kupitia mwanya huo, hujitokeza baadaye.

Nailoni haiyeyuki, ni nafuu, na hushikilia vizuri. Lakini mafundo yake hubaki daima, na yanaweza kumchoma mgonjwa mwembamba au kuacha kitundu kinachotoa usaha. Ndiyo sababu mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2015 kuhusu kufunga tumbo ulipendekeza, kwa upasuaji uliopangwa wa katikati ya tumbo, uzi wa unyuzi mmoja unaoyeyuka taratibu, ushonwe mfululizo kwa hatua fupi, yaani kila mchomo wa sindano uachane na unaofuata kwa milimita 5 hivi. Urefu wa uzi uwe angalau mara 4 ya urefu wa jeraha: jeraha la sentimita 20 hudai sentimita 80. Kwa maoni yangu, uzi bora ulioshonwa kwa hatua ndefu ni gharama ya bure.

Nyuzi za ngozi hutolewa mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati uzi wa ndani ungali kazini. Kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kutolewa nyuzi bado huambiwa asijitwishe ndoo ya maji.